Waandikeni na watafiti wa neva

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Mkiandika habari za ubongo mnaishia kwenye dawa na mashine mpya tu, ila watu waliotuonyesha neva, yaani nyuzi zinazobeba ujumbe mwilini, inafanyaje kazi hamuwataji kabisa, inaniuma kwa kweli. Mchukueni Alan Hodgkin, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1939 yeye na Andrew Huxley, ambaye bado alikuwa mwanafunzi, walienda maabara ya bahari kule Plymouth wakafanya kazi na ngisi, maana ngisi ana uzi mmoja wa neva mnene unaoweza kufika hata milimita 1, wakapenyeza kijibomba chembamba cha kioo ndani yake wakapima umeme kutokea ndani kwenyewe. Hazikupita wiki nyingi vita ikaanza, Hodgkin akaenda kwenye mambo ya rada, kazi ikalala miaka.

Waliporudi ndo wakaonyesha kwamba chembe za sodiamu zenye umeme zinaingia kwanza ndani ya uzi wa neva halafu za potasiamu zinatoka, na hapo ujumbe unasafiri. Zile hesabu Huxley alizipiga kwa mashine ya kuzungusha na mkono, kompyuta ya chuo ilikuwa kwenye matengenezo! Makala zikatoka 1952, tuzo ya Nobel wakaipata 1963 pamoja na John Eccles, naye mtafiti wa neva.

Na haya sio mambo ya zamani tu jamani, sindano ya ganzi anayokuchoma daktari wa meno inaziba njia ambazo sodiamu hiyohiyo hupitia kuingia kwenye neva, ndo maana husikii maumivu. Tupeni hata nusu ukurasa kwa wiki, vijana wanaopenda sayansi watasoma.

Msomaji wenu