Titicaca si pwani, pandeni taratibu

Ndugu Mhariri,

Vijana wa Dar wanaopanga kwenda Ziwa Titicaca na begi mgongoni hubana matumizi pasipofaa. Ziwa lile, mpakani mwa Peru na Bolivia, liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo ya kambi ya Horombo kule Kilimanjaro. Ukiruka moja kwa moja kutoka Lima, mji wa pwani kama wetu, hadi Juliaca, mji wenye uwanja wa ndege karibu na ziwa, usiku wa kwanza unaweza kuumwa kichwa na kutapika, maana mwili haujazoea hewa nyepesi. Panda basi hadi Arequipa, mita 2,300 hivi, lala siku mbili tatu, ndipo uende Puno, mji wa Peru ulio ukingoni mwa ziwa. Pombe iache kwanza. Maumivu yakizidi, shuka, usingoje kukuche.

Kutoka Puno, tafuta boti ya wenyeji bandarini. Kisiwani Amantaní wageni hulala majumbani mwa wanakijiji na kula viazi na supu ya kinoa, nafaka ya huko. Beba soli, pesa ya Peru, za noti ndogo, chenji ni shida. Juni hadi Agosti usiku baridi hushuka chini ya sifuri. Jaketi la mitumba la Karume linatosha kabisa, la dukani ni ufahari tu.

Mpakani Kasani, gonga kwanza muhuri wa kutoka Peru, kisha vuka kwa miguu na usogeze saa yako mbele saa moja. Huko mbele Tiquina, sehemu nyembamba ya ziwa upande wa Bolivia, abiria huvuka kwa boti na basi kwa pantoni. Pasipoti usiiache kwenye kiti.

Msomaji,
Ilala, Dar es Salaam