Barua ya wazi kwa mkubwa wa ofisi ya tenda: zile siku 14 zilikuwa zangu

Assalaam aleikum mkubwa,

Jina lako silitaji na ofisi yako siitaji, sina haja ya kukuaibisha mbele za watu, na wewe ukisoma mistari miwili mitatu utajijua. Mie ni kontrakta mdogo hapa Mombasa, NCA 7 (daraja la wadogo kwenye usajili wa makontrakta), mashini ya kuchanganya zege huwa nakodi (na siku nyingine haiwaki), na nna mafundi ambao nikikosa kazi mimi na wao wamekosa. Nlitia tenda kwenu, ukuta na vyoo vya shule huku Kisauni.

Siku ya kufungua nlikuwepo. Bei zikasomwa kwa sauti mbele yetu sote kama sheria inavyotaka, yangu ikawa ya chini kabisa, aliyefuatia alinizidi laki saba na kitu. Sasa kabla hujaniruka, najua, bei ya chini peke yake haimpi mtu kazi, lazima kwanza upite makaratasi, kisha ufundi, ndipo bei iangaliwe. Sijaandika kusema nlistahili. Huenda nlikosea kweli, lakini mpaka leo sijui nlikosea wapi.

Baada ya hapo kimya. Nikipiga simu naambiwa kamati bado inakaa. Sheria imeipa kamati siku 30 za kutathmini, sawa, zikapita, nikaja mwenyewe, kijana wa kaunta akaniambia bado mzee, ikitoka tutakupigia. Wiki moja baadaye, siku ya Alhamisi, ndiyo nikapigiwa nije nichukue barua. Nikaja mbio na vumbi la sementi miguuni, nikasaini daftari, nikapewa bahasha, kuifungua naona tarehe ya siku 16 nyuma! Na mhuri vilevile. Yaani ile siku nlipokuwa nimesimama pale kaunta naambiwa bado, kwa makaratasi yenu mie nlikuwa nishajulishwa zamani, siku ya tisa hiyo tangu tarehe ya barua.

Najua wako watakaosoma hapa waseme tarehe tu hiyo, ina nini. Jamani tarehe ndiyo mambo yote. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, kifungu cha 167, inampa aliyetia tenda siku 14 tangu kujulishwa, au tangu kosa kutokea, apeleke malalamiko kwa ile bodi ya Nairobi inayosikiza kesi za tenda, PPARB. Na siku hizo hazisubiri mtu, Jumapili imo, sikukuu imo, labda tu siku ya mwisho ndiyo iangukie Jumapili au sikukuu, hapo unasogezewa. Kisha kifungu cha 135 kinakwambia wewe mkubwa usisaini kontrakti mpaka siku 14 zipite tangu uwajulishe watu. Vifungu hivi viwili vinashikana mkono kwa makusudi, mwenye neno alitoe kabla lori la kokoto halijamwaga, kwa sababu kontrakti ikishasainiwa kwa njia ya sheria ile bodi haina la kusikiza tena. Sasa ofisi ikikaa na barua siku 16 kisha ikaitoa na tarehe ya zamani, imenilia zangu zote 14 na mbili za juu.

Nlikwenda kwa wakili mmoja pale Digo Road (nlilipa kuuliza tu, huko nadhani hata salamu ina bei) akaniambia naweza kujaribu kusema siku zangu zihesabiwe tangu barua iliponifikia, bora nithibitishe. Nithibitishe na nini, daftari nlilosaini mnalo nyinyi.

Na hata hiyo barua yenyewe, wallahi ukiisoma utacheka. "Hamkukidhi matakwa ya kiufundi." Nukta, sahihi yako chini. Matakwa gani? Ni yule fundi mkuu wangu? Ni mashini ya kukodi? Ni ukurasa nlisahau kutia nambari, maana watu hapa wametupwa nje kwa kurasa bila nambari na jengo walilijua kulijenga? Kifungu cha 87 kinasema walioshindwa waandikiwe pia mshindi anapoandikiwa, na waambiwe sababu. Mshindi mie nlimjua kwa muuza mbao Kongowea. Na bodi nayo haipokei manung'uniko, unatakiwa useme kifungu gani kimevunjwa na kimevunjwa vipi, sasa mtu atasema nini na hakuambiwa kitu, akabahatishe?

Kuna siku kwenye mkutano ulisema kuwa sisi tunaokimbilia bodi ndio tunaochelewesha maendeleo ya watu. Nlinyamaza siku ile, leo sinyamazi. Wako kweli wanaopinga ili waitwe pembeni wapewe chochote waondoe kesi, nawajua na siwatetei. Lakini ile bodi imepewa siku 21 tu imalize shauri, mkubwa, 21. Ofisi yako barua ya mstari mmoja ilichukua 16 kuteremka kutoka ghorofani mpaka kaunta. Ndiyo, ukitoka hapo mwenye nguvu anaweza kwenda Mahakama Kuu, siku 45, na ya Rufaa nyingine 45, lakini kontrakta wa vyoo vya shule huko atafika kwa pesa gani? Wengi wetu bodi ndio mwanzo na mwisho. Na hata nikishinda huenda nisipewe kazi, bodi inaweza kuwaambia tu rudini mkatathmini upya. Hilo lingenitosha.

Ninachotaka si kikubwa. Imeili yangu mnayo, nyinyi wenyewe mlitaka niijaze kwenye fomu, basi barua ikisainiwa itumwe siku hiyo hiyo kwa wote, aliyepata na aliyekosa, na sababu iandikwe kama unamwambia mtu mzima, ukurasa huu, sharti hili, ulikosa hiki. Hiyo mnaweza kuanza kesho bila bajeti.

Kwa hii yangu, kifungu cha 68 kinaniruhusu niombe rekodi za tenda niliyotia, na gharama ya kutoa kopi ntalipa. Jumatatu saa mbili unusu ntakuwa hapo kaunta na barua ya maombi, nakala mbili, moja yenu moja yangu, nataka zote zipigwe mhuri wa kupokea. Mwambie tu yule kijana kabla hajaupiga aigeuze tarehe iwe ya siku hiyo.

Ni mie,
kontrakta wa Kisauni