Mataa ya Krismasi ni sawa, lakini hiyo boksi ya stima umeifunga wapi?

Kwa Mhariri,

Kila ikifika Disemba gazeti lenu huweka picha za nyumba zilizopambwa mataa, zamani ilikuwa ni za Runda na Karen peke yake, siku hizi hata huku kwetu Eastlands tumo, na mimi huangalia hizo picha nikitafuta kitu kimoja ambacho huwa hakionekani: stima imetoka wapi ikafika kwa huo mti wa nje? Mtu amezungusha mataa kwa ua, kwa geti, mpaka kwa mpapai, halafu ukifuata waya na macho unapata imeishia kwa ekstensheni imelala kwa nyasi ikiwa imefungwa na karatasi ya mkate. Kitambo ilikuwa inafungwa na juala, lakini juala si zilipigwa marufuku 2017, kwa hivyo sasa ni karatasi ya mkate na tepu nyeusi.

Usinione nikiongea, hata mimi nilikuwa huko. Mwaka wa 2023, ule wa mvua ya El Niño, nikaamua nitaachana na hiyo mambo ya karatasi nifanye kitu ya maana. Nikanunua boksi ya plastiki, ile ya kijivu yenye mfuniko na mpira, mwenye duka akanionyesha imeandikwa IP65 akasema mzee hii ni ya nje hata mvua inyeshe mwezi. Nikaita fundi, jina naliacha kwa sababu bado tunakutana kwa kibanda ya chai. Akatoboa shimo mbili juu ya boksi ndio waya zishuke vizuri, akatoboa zingine nne kwa mgongo wa boksi akaipiga skrubu moja kwa moja kwa nguzo ya chuma ya geti, tena chini kabisa, karibu na pale maji ya mvua hupitia, ati ndio isiharibu sura ya geti. Nikamlipa na nikaweka ya chai juu.

Usiku wa tatu ikanyesha ile ya Nairobi yenyewe. Asubuhi soja wetu akaja kufungua, nikasikia amepiga kelele, nikatoka mbio na singlendi, akaniambia, "Mzee, hii geti yako inauma." Tukacheka. Halafu yeye akaacha kucheka, na mimi pia nikaacha, kwa sababu wajukuu huwa wanabembea kwa hiyo geti. Nikaenda nikazima meini switch ndio nikafungua boksi. Maji ilikuwa nusu kama sufuria, soketi inaogelea, na hizo skrubu nne za mgongoni zimezama ndani ya hayo maji kichwa huku na miguu kwa chuma ya geti.

Swali lililonisumbua ni mbona breka haikuanguka. Niliuliza fundi mwingine, huyu wa pili ana leseni ya EPRA, wale wa serikali wanaosimamia mambo ya stima na mafuta, na alinionyesha bila hata kuulizwa, akanieleza kitu ambacho nimekaa na stima maisha yangu yote bila kujua. Breka ya kawaida kazi yake ni kuzuia waya isiungue, ya soketi pengine ni ya ampia 32, sasa stima inayovuja kwa geti na kupita kwa mtu ni kidogo sana, hata robo ya ampia haifiki lakini inatosha kukuua, na hiyo breka inakuangalia tu. Kinachoona hiyo kidogo ni swichi ya RCD, ya miliampia 30, inalinganisha stima inayoenda na ile inayorudi, ikikosa kulingana inakata mara moja. Ina kitufe kimeandikwa T, unabonyeza mara moja moja kuona kama bado inafanya kazi. Na geti yenyewe haikuwa na athi, ile waya ya kijani na njano (athi ya stima, sio Mto Athi), kwa hivyo chuma yote ilikaa na stima ikingoja mkono wa kwanza.

Sasa turudi kwa boksi, kwa sababu hapo ndio watu wengi tunaharibu na pesa tumetoa. Hiyo IP65 maana yake 6 ni vumbi haliingii na 5 ni maji ya kurushwa na paipu hayaingii, lakini hiyo ni hesabu ya boksi vile ilitoka kiwandani. Ukishaitoboa kwa drili ovyo umebaki na bakuli yenye mfuniko. Waya inafaa kuingia kutoka chini, kila shimo na gilandi yake, ile kama nati ya plastiki yenye mpira ndani unakaza inabana waya, na gilandi bei yake haifiki popote ukilinganisha na mataa uliyonunua. Na kabla waya iingie iachie ilegee kidogo ining'inie chini ya boksi halafu ipande, kwa sababu maji hufuata waya kama mtoto anafuata mama sokoni, ikifika hapo chini inadondoka. Skrubu za kushika boksi zipite kwa zile tundu za kona ambazo ziko nje ya mpira, boksi nyingi ziko nazo ukiangalia vizuri. Mgongo usiguswe.

Yangu sasa iko kwa ukuta wa nyumba chini ya paa, usawa wa kifua, na imesimama wima. Jirani yangu alitaka yake iwe katikati ya uwanja akasimamisha nguzo ya mti, na sisi hapa Donholm mnajua udongo wetu mweusi, ukinyeshewa unavimba, jua likiwaka unapasuka mpaka unaweza kupoteza kiatu, kufika Januari nguzo ilikuwa imeinama kama mlevi na boksi inaangalia mbinguni. Mwenye udongo mwekundu anaweza jaribu. Na hiyo waya ya kwenda kwa nguzo ipite ndani ya paipu na izikwe chini sana kuliko jembe linavyofika, si kufunikwa na nyasi.

Kuna kitu ingine sikuwa natarajia: hata boksi ikifungwa vizuri inatoa jasho ndani, mchana jua usiku baridi, ndio maana nyingine zina alama huko chini, pahali pa kutoboa katundu kadogo ka kutoa maji. Adapta za mataa pia hupata joto, usizijaze humo kama samaki wa kopo. Na chungu, wale wadudu, hupenda hilo joto, fungua uangalie.

Watu hunidanganya ati shida ni mzigo, yaani mataa kuwa mengi kwa soketi moja. Soketi ya ampia 13 kwa volti 240 inabeba wati kama 3,100, na waya moja ya mataa ya LED inaweza kuwa wati kumi tu, hata ukiunga tano hujafika mahali. Shida ni maji, na krismasi yetu inakuja mgongoni mwa mvua ya vuli.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo Mhariri. Mwaka huu mkituma mpiga picha kwa hizo nyumba zinazong'aa, mwambieni akimaliza na geti ainame apige na boksi ya stima pia, hata kama haipendezi, na mtuandikie chini ya picha mashimo yake yako juu au chini.

Ni mimi,
Mzee wa geti,
Donholm, Nairobi