Dodoma si safari ya anasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwashauri wazazi wenzangu wa Dar es Salaam wasisite kuwapeleka watoto Dodoma, makao makuu ya nchi yao, kwa kuhofia gharama. Tangu treni ya umeme ianze kufika huko mwaka 2024, safari huchukua saa chache, na watoto wadogo hulipiwa nauli pungufu. Kinachomaliza fedha ni malazi, kwa kuwa likizo ya Juni huangukia Bunge la bajeti, wakati nyumba za wageni zimejaa na bei zimepanda. Desemba, kwa maoni yangu, ni nafuu zaidi. Nawasihi wenye nyumba za wageni watangaze waziwazi bei za vyumba vya familia, ili mzazi apange bajeti kabla ya kukata tiketi.

Mzazi, Temeke