Andika na siku usiyopima

Kibosho, Julai

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza mara tatu, mimi na mama yako. Niliposikia kwamba mwezi ujao chuo kinawapeleka Svalbard, visiwa vya Norwe kule nyuzi 78 kaskazini, mkapime barafu, nilitoka nikasimama uani peke yangu kwa furaha. Mama yako anawaza dubu weupe tu. Ukipiga simu mwambie hamtoki nje ya mji bila mwenye bunduki, labda atalala.

Mimi nawaza daftari lako.

Umesema vipimo vyote vitaingia kwenye kompyuta ya msafara. Sawa, hiyo ni ya chuo. Nakuomba uwe na daftari lako mwenyewe, uliandike kila jioni hata ukiwa hoi.

Nilipokuwa bwana shamba nilipima mvua kila asubuhi saa tatu. Madaftari ya miaka kumi na moja niliyakabidhi ofisini, na siku ofisi ilipohama yakachomwa pamoja na takataka. Lilisalia moja tu, nililokuwa nimelisahau nyumbani. Juzi nimelifungua. Kuna safu ya tarehe na safu ya milimita, na kati ya 14 na 3 pana nafasi tupu. Pembeni nimeandika kwa penseli: "Sikupima. Siafu wamejaa kwenye kipimo." Kwenye ripoti ya mwezi nafasi ile ilijazwa sifuri. Anayesoma ripoti ataamini siku ile kulikuwa kukavu, na mimi nakumbuka nilivyolowa chapachapa.

Huko uendako wametangulia wenzako. Mwaka 1921 Chuo Kikuu cha Oxford kilipeleka msafara wa kisayansi Spitsbergen, kisiwa kikubwa cha Svalbard, na ndani yake alikuwemo mwanafunzi wa miaka 21, Charles Elton. Yeye na mtaalamu wa mimea, Victor Summerhayes, walikichunguza Kisiwa cha Dubu, Bjørnøya. Viumbe wa pale ni wachache, ndiyo maana waliweza kufuatilia nani anamla nani. Ndege hula baharini, kisha huja kunya nchi kavu, na samadi yao hurutubisha mimea. Mbweha huwala ndege hao, na kipindi cha baridi humfuata dubu barafuni apate masalio ya sili, mnyama wa baharini anayewindwa na dubu. Mwaka 1923 walichapisha mchoro wa mishale wa kisiwa kizima. Unakumbuka ulivyochora majani, panzi, chura, nyoka, ukanilazimisha nikushikie taa umeme ulipokatika? Mnyororo ule wa chakula ulienea madarasani kwa sehemu kubwa kwa kazi ya Elton.

Alirudi huko 1923 na tena 1924. Daktari wa msafara wa 1924 alikuwa Howard Florey, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobeli kwa kazi ya penisilini, ile sindano uliyokuwa ukiikimbia utotoni.

Lakini kilichonigusa ni hiki: Elton alipofika miaka 78 alikaa kuandika upya habari za msafara ule wa 1921, akamaliza 1983. Miaka zaidi ya 60 baadaye! Kichwa cha mzee hakibebi yote hayo bila karatasi. Najua, maana changu kimeshaanza kuvuja.

Msafara mwingine wa Oxford, watu 10 chini ya Alexander Glen, ulikaa Nordaustlandet, kisiwa kingine cha Svalbard, zaidi ya mwaka, 1935 hadi 1936. Baadhi yao waliishi katika vyumba walivyochimba ndani ya barafu. Kipimajoto kitakuambia baridi ilikuwa kiasi gani, lakini hakitakuambia kama aliyekisoma alikuwa amelala usiku ule.

Nikiinua macho hapa namwona Kibo. Mwaka 1912 barafu yake ilifika kilomita za mraba 12 hivi, na 2007 zilikuwa hazifiki 2. Twajua kwa sababu kuna watu walipanda wakachora ramani. Babu yako naye alijua weupe ulikuwa ukishuka hadi wapi, akituonyesha kwa kidole. Kidole kile tulikizika naye.

Basi, tumia penseli, maana wino huganda. Andika tarehe, saa, mahali uliposimama na uliyekuwa naye. Ukikosea piga mstari mmoja, usifute. Chombo kikiharibika, taja kilivyoharibika. Ukikosana na mwenzako hemani, hilo nalo liandike, ila ukurasa huo uwe wako.

Mama yako amefuma soksi mbili za sufu. Nimefungasha na penseli sita, kila moja nimeifunga uzi uvae shingoni, ukiwa na glavu isikudondoke.

Mtakapofika jua litakuwa halizami. Mwishoni mwa Agosti, karibu tarehe 24, litazama kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Niandikie saa na dakika. Na kama mawingu au mlima umelificha usilione, niandikie hivyo hivyo.

Baba yako