Kabla hujamnunulia Latifa lenzi

Dar es Salaam

Shoga yangu Mama Latifa,

Salamu nyingi kutoka kwangu, kwa Baba Rehema na kwa watoto wote. Sisi hatujambo, Alhamdulillahi, ila joto tu. Barua yako shemeji alinifikishia salama, pamoja na dagaa. Ahsante sana, tumewala kwa ugali na bado kidogo wamebaki.

Umeniuliza kama lenzi za machoni, hizi zinazovaliwa juu ya jicho badala ya miwani, zinauma, na kama bei yake inabebeka. Yote mawili nitakujibu. Lakini nimeona niandike kirefu badala ya kupiga simu, maana kuna jambo ambalo sitaki likupite: usimpeleke Latifa dukani kununua lenzi, mpeleke akapimiwe lenzi. Kwa mtoto mwenye astigmatizimu, kama Latifa wako na Rehema binti yangu, tofauti ya hayo mawili ni kubwa mno.

Tazama ile karatasi ya vipimo vyake. Kila jicho lina namba tatu. Ya kwanza ni ya kuona mbali, hiyo unaijua. Ya pili wanaiita silinda, na hiyo ndiyo astigmatizimu yenyewe. Ya tatu ni mhimili, inakwenda mpaka 180, nayo inaeleza tatizo limelalia upande gani. Mtaalamu alitueleza kwamba konea, yaani ule utando angavu ulio mbele ya jicho, kwa Rehema umepinda kama mgongo wa kijiko: kwa urefu mpindo wake ni wa taratibu, kwa upana ni wa ghafla. Kwa hiyo mwanga ukiingia haukutani mahali pamoja, herufi zinatoa kivuli, 3 inafanana na 8, na mtoto anakunja uso mpaka kichwa kinamuuma. Basi akitokea mtu huko nyumbani akakwambia ni simu au ni kukataa mboga, usimsikilize. Ni umbo la jicho. Wala Latifa hakujitakia wala wewe hukumkosesha kitu.

Sasa lenzi ya kawaida ni ya mviringo, nguvu yake ni ileile kila upande, hata ikizunguka jichoni haidhuru. Lenzi ya astigmatizimu, ambayo wataalamu wanaiita toriki, ina nguvu mbili tofauti, na lazima ikae kwa pembe yake. Ikizunguka nyuzi 10 tu, karibu theluthi moja ya kazi yake imepotea. Ikizunguka nyuzi 30, hiyo silinda ni kama hakuivaa. Ndiyo maana sehemu ya chini ya lenzi nyingi za aina hii hufanywa nene kidogo, ili kope zikipepesa ziisukume irudi mahali pake. Na ina alama ndogo sana, wewe kwa macho yako utaipata kwa shida, lakini mpimaji anaiona kwenye ile darubini ambayo mtoto huegemeza kidevu. Kwa alama hiyo anajua lenzi imetulia au imekwenda upande, na kama imekwenda upande lakini inakaa palepale kila mara, anaagiza nyingine yenye mhimili uliorekebishwa kufidia.

Nakueleza haya kwa sababu duka la kwanza tulilokwenda, la miwani, hawakutaja toriki kabisa. Walichukua nusu ya silinda, wakaijumlisha kwenye namba ya kwanza, wakasema hiyo itamtosha. Kwa mtu mwenye silinda ndogo sana njia hiyo inakubalika. Rehema ana 1.75 jicho la kulia! Alizijaribu palepale, akatazama ubao, akanitazama mimi, akasema, "Mama, miwani yangu inaona vizuri kuliko hizi." Tukashukuru, tukatoka. Latifa akikwambia hivyo, mwamini. Asiambiwe kwamba atazoea.

Tulipompata mtaalamu wa optometria, yaani upimaji wa macho, aliyesomea kazi hiyo, mambo yalikuwa tofauti tangu mwanzo. Aliuliza anavaa lenzi kwa ajili gani. Rehema akajibu mwenyewe: netiboli. Anacheza ulinzi, na miwani inateleza kwa jasho, inafunga ukungu, halafu mpira ukija kwa pembeni anaukuta nje ya fremu. Mtaalamu alifurahi kuona mtoto ndiye anayejibu. Akaniambia kwamba haangalii sana umri, anaangalia kama mwenye macho ndiye mwenye haja, na kama anaweza kunawa mikono bila kukumbushwa. Hili nalo litazame kwa Latifa. Kama wewe ndiye unayezitaka ili apendeze kwenye harusi ya shangazi yake, subirini.

Kisha akapima upya macho, akapima na mpindo wa konea. Usishangae namba za lenzi zikitofautiana na za miwani. Kwanza, lenzi inakaa juu ya jicho na miwani inakaa mbali kidogo, hivyo kwa namba kubwa hesabu hubadilika. Pili, lenzi hizi hazitengenezwi kwa kila namba. Nyingi za silinda huja kwa hatua: 0.75, 1.25, 1.75, 2.25, na mhimili kwa makumi. Latifa mwenye 1.50 huenda akapewa 1.25, na hakuna aliyekosea. Kwa kuwa mchanganyiko wa namba ni mwingi hivyo, mara nyingi huagizwa. Tuma karatasi mapema kabla hujakata tiketi ya kuja, usije ukafunga safari ya Tanga hadi huku ukaambiwa urudi baada ya wiki kadhaa.

Mama Latifa, hapa ndipo moyo wangu unapopiga. Umeandika kama jambo dogo tu kwamba Latifa macho yanamwasha tangu utotoni, anayafikicha mpaka yanakuwa mekundu, na kwamba namba za miwani zimebadilika tena mwaka huu. Naomba hilo lishughulikiwe kabla ya lenzi. Kuna ugonjwa wa konea unaitwa keratokonasi: konea inakuwa nyembamba na kuchongoka, mara nyingi huanza katika umri huu wao, na watoto wenye aleji wanaofikicha macho ndio wanaoupata zaidi. Mwanzoni unajificha ndani ya astigmatizimu, mtu anadhani ni miwani tu inayotaka kubadilishwa. Sisemi Latifa anao. Nasema aulizwe daktari wa macho, na umuulize wazi kama wanaweza kupiga ramani ya konea, yaani picha ya umbo lake. Usiishie kwa muuza miwani; zipo kliniki za macho za CCBRT na Muhimbili hapa Dar, na huko kaskazini hospitali ya KCMC Moshi, ambako pia wanafundisha optometria. Ukigundulika mapema kuna tiba ya kuiimarisha konea, wanatia matone ya vitamini B2 kisha wanamulika mwanga wa urujuanimno, ili isiendelee kuchongoka. Ukichelewa ndipo watu hufikia kubadilishiwa konea. Na ule mwasho atibiwe kwa dawa aliyoandikiwa na daktari. Yale matone ya steroidi yanayouzwa tu kwenye maduka ya dawa, ambayo mwasho unakoma siku hiyohiyo, usiyaendekeze bila usimamizi. Yakitumika muda mrefu yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Haya, swali lako la kuuma. Haziumi. Siku ya kwanza Rehema alihisi kitu kwenye kope ya chini, ndiyo ule unene niliokueleza, kisha akausahau. Kazi ilikuwa kuivalisha. Mtaalamu aliniomba nisogee nyuma nikae kimya, maana nilikuwa naelekeza kwa mdomo kila hatua. Lenzi juu ya ncha ya kidole cha shahada, kidole cha kati kinavuta kope ya chini, mkono wa pili unashikilia ya juu, jicho halikimbii. Lilikimbia sana. Kope zilikuwa zinajifunga zenyewe na machozi yanamtoka, na mimi kwenye kiti nimeshika mkoba wangu nisiinuke. Hakuruhusiwa kuondoka na lenzi mpaka aweze kuivaa na kuivua mwenyewe, na hilo nililipenda sana. Kuivua ndiko kulikomtisha zaidi, kuibana kwa nyama ya vidole bila kucha. Kwa hiyo Latifa aanze mapema kuzoea kucha fupi.

Zilipokaa alingojeshwa kama robo saa ndipo akapimwa, ili zitulie. Tukatoka. Pale kwenye ngazi akasimama, akashuka moja, akapanda tena, akasema, "Mama, ngazi zimenyooka." Kumbe miwani ya silinda ilikuwa ikimwinamishia sakafu miaka yote hiyo, na hakuwahi kusema kwa sababu alidhani kila mtu anaona hivyo. Nililia, shoga yangu, nakwambia kweli.

Mtoto huyu anapenda fizikia, basi siku hizo nyumba nzima tulisomeshwa. Ametusimulia kwamba George Airy, mwanasayansi wa Uingereza, mwaka 1825 alieleza kioo cha silinda kilichokusudiwa kusahihisha astigmatizimu ya jicho lake mwenyewe. Na kwamba lenzi laini za leo chimbuko lake ni Otto Wichterle wa Prague, aliyezitengeneza Krismasi ya 1961 kwa mashine aliyoiunga nyumbani kwa vyuma vya kuchezea vya watoto. Mdogo wake sasa hatupi chuma chochote.

Masharti ya kuzitunza nitakuandikia yale ambayo huko kwenu yatagongana na maisha ya kila siku. La kwanza ni maji. Lenzi na maji haviendi pamoja: si ya bomba, si ya kisima, si ya chupa, si yaliyochemshwa, na mate ndiyo kabisa. Majini kuna kijidudu kiitwacho akantamoeba. Kikinasa chini ya lenzi kinaweza kuila konea, na matibabu yake huchukua miezi. Kwa hiyo kuogelea baharini na lenzi hakuna, na kuoga ni baada ya kuvua. Wakati wa kutia udhu afumbe macho vizuri apanguse uso, asijirushie maji macho yakiwa wazi. Rehema amezoea na halimpi taabu. Mikono inanawiwa kwa sabuni na kukaushwa kabisa, kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Wanja unakuja baada ya lenzi, na hautiwi kwenye ukingo wa ndani wa kope. Siku ya kukata pilipili avae miwani, maana pilipili haisikii sabuni. Kulala nazo ni marufuku, hata usingizi wa mchana. Na zile lenzi za rangi ambazo wasichana huazimana kwenye sherehe, mkataze kwa nguvu zako zote, hata kama ni za binti wa jirani mnayempenda.

Kwa kuwa Latifa yuko bweni, ningekushauri za kutupa kila siku. Za mwezi zinataka kibweta, dawa ya kusafishia ya kila usiku na mahali safi pa kuweka vyote hivyo, na bweni la wasichana unalijua. Ya siku akiivua anaitupa, kesho anafungua mpya. Asiirudie hata kama inaonekana safi.

Bei, basi. Toriki ni ghali kuliko za kawaida, na za kila siku zikivaliwa mwaka mzima zinakula fedha nyingi kuliko za mwezi. Sisi tumepata ahueni kwa njia hii: Rehema anavaa siku za mazoezi na mechi, darasani na nyumbani anavaa miwani. Zisizofunguliwa hazina haraka, zinangoja mpaka tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti. Hivyo boksi moja linakwenda mbali. Miwani yenyewe iwe nzima na yenye namba sahihi, kwa sababu siku jicho likiwa jekundu, au likiuma, au likiogopa mwanga, lenzi inatoka hapohapo na daktari anaonwa siku hiyo, bila kungoja wikendi iishe. Hilo mwambie na matroni wa bweni, umwandikie kabisa kwenye karatasi.

Na kurudi kukaguliwa msiache. Ukaguzi wa pili ndio uliogundua kwamba lenzi ya kushoto ya Rehema ilikuwa inazunguka kuelekea upande wa pua. Akabadilishiwa mhimili, na zile herufi alizokuwa akisema zinacheza zikatulia.

Niandikie likizo inaanza lini. Mkishaonana na daktari kuhusu mwasho na ramani ya konea, nitumie picha ya karatasi mpya, nitaipeleka kwa mtaalamu wetu ili lenzi za majaribio ziwepo mkifika. Mtafikia kwangu, kitanda cha Rehema kinawatosha wote wawili, na yeye ameshasema atamfundisha Latifa mwenyewe kuvaa, nisikae chumbani humo. Msalimie sana Baba Latifa, na mama mkwe mwambie dagaa wamefika.

Wako akupendaye,
Mama Rehema