Watu wazima tulikuwa sita, mtoto hakuwa na mtu

Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama tunalingana basi habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua nimeandika ndefu, ila kama ni kupunguza naomba upunguze mwanzo, usipunguze pale kati, mana pale kati ndo kilichonifanya nikae chini niandike.

Mi ni mama wa watoto watatu, mkubwa ana miaka 7, anayemfuata ana miaka 4, na mdogo kabisa ana mwaka mmoja na miezi minne, ndo kwanza miguu imekolea, hatembei anakimbia. Shule zimefungwa, ni ile likizo ndefu ya msimu wa joto, na kila ninayekutana nae ananiambia afadhali sasa mnapumzika. Wanasema kwa wema kabisa, siwalaumu. Lakini likizo ni ya wanafunzi na walimu, kwa mama mwenye watoto wadogo shule ikifungwa ndo kazi inafunguliwa, tena kazi yenyewe haionekani kwa mtu anayepita nje, mana akichungulia ataona nimekaa kivulini na watoto wanacheza, basi.

Siku yetu inaanza mapema mno kwa sababu usiku wenyewe haulaliki. Joto linakaa ndani mpaka alfajiri, mdogo anajigeuza geuza, anaamka amelowa jasho, namvua nguo, namfuta na kitambaa cha maji, analala nusu saa alafu anaamka wa kati anataka maji. Nimejifunza kwamba ile saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi ndo dhahabu yetu, jua bado la upole, tunatoka nje wote wakimbie wachoke, nguo nafua hapo hapo, maana ikifika saa nne jua linakuwa kali na mpaka saa kumi jioni sitaki mtoto wangu yeyote juani kama hakuna sababu ya maana. Masaa sita hayo. Masaa sita ndani na kivulini na watoto watatu wa umri tofauti, aliyeyapitia anajua.

Na ndani ya hayo masaa sita mama anafanya kazi moja kubwa ambayo haina jina, mi naiita kazi ya macho. Mtoto mdogo hajui kusema nina kiu, anaanza kulialia tu, anakuwa mzito, hataki kucheza, kwa hiyo unamsoma wewe. Unaangalia nepi imelowa au imekaa kavu toka asubuhi, unaangalia mkojo rangi gani, akilia unaangalia kama machozi yanatoka, kwa kichanga unagusa utosi usije ukawa umebonyea. Unaangalia shingo na makwapa mana harara zinaanzia huko kwenye mikunjo, na dawa yake kubwa ni kumpoza na kumvalisha nguo nyepesi inayopitisha hewa, sio kumpaka mafuta mazito yakazidi kuziba. Na hapa naomba niwaambie kina mama wenye vichanga, mtoto chini ya miezi 6 msimpe maji hata joto liweje, mnyonyeshe mara nyingi zaidi inatosha, niliwahi kuambiwa na mtu mzima ninayemheshimu nimpe maji wa kwanza wangu akiwa na miezi miwili na nilikuwa mgeni wa mambo, karibu nimpe, nesi ndo akanizuia. Pia lile jambo la kufunika kigari cha mtoto na khanga au blanketi ili jua lisimpige, tunafanya kwa mapenzi lakini hewa inajifunga mle ndani na joto linapanda, bora usogeze kigari kivulini ukamwona.

Mchana mdogo analala, wa kati hataki kulala ila asipolala ikifika jioni hatushikiki, na mkubwa ndo yuko kwenye ule umri wa mama nimeboreka, mama nifanye nini sasa, mama simu. Simu nawapa, sitadanganya, ila kidogo, mdogo simpi kabisa. Kitu kilichotuokoa msimu huu ni ndoo ndogo ya maji na brashi ya rangi, nawaambia pakeni ukuta. Wanapaka ukuta mzima kwa maji, unakuwa mweusi unang'aa, wakifika mwisho mwanzoni kumeshakauka wanaanza upya, mkubwa na wa kati wanagawana sehemu zao wanagombana wanapatana, saa zima linaisha. Nilikuwa nafurahi sana na ule mchezo mpaka jumapili moja mwezi uliopita.

Jumapili hiyo tulikuwa na wageni. Mimi, baba watoto, mama mkwe, wifi yangu na mumewe, na dada yangu, watu wazima sita, wote tumekaa uani kivulini baada ya chakula. Watoto wanachezea maji kwenye beseni hatua chache tu kutoka tulipo. Mi nikanyanyuka kwenda ndani kuchukua taulo na nguo za kubadilisha, nikasema kwa sauti jamani niangalizieni mtoto, na nikajibiwa, nakumbuka vizuri, sauti zaidi ya moja zilisema sawa, hamna shida, nenda tu. Nikaenda kwa amani. Mama gani hataenda kwa amani akiwa ameacha watu wazima watano, wawili wao wamelea watoto wao wenyewe, mmoja wao ni bibi yake mtoto.

Ndani sikukaa hata dakika tatu. Kilichonitoa haikuwa kelele. Mkubwa wangu alikuja mlangoni na ile ndoo ndogo mkononi akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeuliza saa, mama mtoto anaangalia nini ndani ya ndoo?

Sio beseni. Beseni wote walikuwa wanaliona, kila mmoja jicho lilikuwa linapita pale. Ni ile ndoo kubwa ya maji ya kufulia niliyoiacha nyuma ya viti toka asubuhi, haijajaa, maji yalikuwa yamefika nusu. Mtoto alikuwa ameinamia ndani, kichwa chote kimezama, miguu imeachana na ardhi, na wala harushi maji. Hakuna mlio. Nyuma ya migongo ya watu watano wanaoongea vizuri tu, wakicheka, hatua mbili kutoka kwa bibi yake.

Nilimvuta. Alikaa kimya sekunde ambazo siwezi kuzieleza, alafu akakohoa, akatapika maji, akalia. Tulimkimbiza hospitali akasikilizwa kifua, wakakaa nae masaa kadhaa wakimwangalia pumzi, akaruhusiwa, na leo hii ninavyoandika ni mzima anapanda viti. Namshukuru Mungu na namshukuru yule mkubwa wangu. Lakini usiku ule sikulala na haikuwa joto.

Baadae nikakaa kujiuliza na kusoma, na nikaelewa vitu ambavyo nilitakiwa nivijue kabla sijaitwa mama. Mtoto wa umri ule kichwa ni kizito ukilinganisha na mwili wake, akiinama kwenye ndoo kichwa kinamvuta, mikono haina nguvu ya kumrudisha, na ndoo yenye maji ni nzito haipinduki kama tunavyodhani itapinduka. Maji ya kuziba pua na mdomo tu yanatosha, sentimita chache, haihitaji mto wala bahari wala bwawa la kuogelea. Na hapigi kelele kwa sababu kupiga kelele kunahitaji pumzi na yeye pumzi hana. Sisi tunasubiri kusikia, tunasema nitamsikia akilia. Hutamsikia. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka 5, na Umoja wa Mataifa ukaitenga kabisa tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kuzuia watu kufa maji. Nilipoisoma ile robo niliiona sura ya mwanangu.

Sasa mhariri, hapa ndo penyewe. Nilianza kwa hasira, nikawaza ni nani kati ya wale watano nimlaumu, na kila nikimfikiria mmoja mmoja nakuta hana kosa la peke yake. Baba watoto alidhani mama yake mzazi, yani mama mkwe wangu, anamwangalia mana ndo alikuwa karibu. Mama mkwe alidhani wifi anamwangalia mana watoto wa wifi nao walikuwa kwenye beseni. Wifi akamwona dada yangu amegeukia upande wa watoto akajua basi yupo dada. Kila mmoja alimwona mwenzake. Ningekuwa nimemwachia mtu mmoja tu nadhani mtoto asingefika kwenye ile ndoo, wingi wetu ndo ulitulaza. Na mimi pia nilikosea, nilisema jamani. Jamani ni nani? Jamani hana macho.

Kwa hiyo nyumbani kwetu tumeacha kabisa kusema niangalizieni. Ninayemwachia namtaja kwa jina, namtazama usoni, nasema namkabidhi kwako, na siondoki mpaka anijibu nimempokea. Kama walinzi wanavyoachiana lindo, huyu haondoki mpaka yule amefika na amekubali. Aliyempokea simu anaweka mbali, na yeye akitaka kuinuka hata kwenda chooni anamkabidhi mwingine vile vile kwa jina. Na kila chombo cha maji kikimaliza kazi yake kinamwagwa na kufudikizwa hapo hapo, ndoo, beseni, pipa linafunikwa, mlango wa bafuni unafungwa.

Mwanzoni ilileta maneno. Mama mkwe aliona kama namsema, kwamba ameshindwa kumlinda mjukuu wake, na nilimwelewa, yule mama ana uchungu wa ile siku kuliko mtu yeyote. Nikamfuata jioni tukakaa wawili nikamwambia mama, sikulaumu, na mimi nilikuwepo, naomba tu unisaidie hili. Akaniambia mwanangu, zamani mtoto aliangaliwa na uwanja mzima. Nikakaa nalo hilo neno siku kadhaa. Nadhani ni kweli, lakini nadhani pia kwenye ule uwanja siku zote alikuwepo mtu mmoja ambaye hakukaa, dada mkubwa, shangazi, binti wa jirani, alikuwa na mtoto mgongoni toka asubuhi mpaka jioni na hakuna aliyekumbuka kumtaja. Wiki iliyofuata nilimsikia mwenyewe bibi anamwambia mwanae, haya njoo umpokee mtoto wako mi naenda kuswali, na akasimama pale pale mpaka baba yao alipotamka nimempokea mama.

Kina baba, yani wenzake na mume wangu, naomba na nyie msome hapa. Mkikaa na mtoto msiseme mnamsaidia mama. Mume wangu ni mtu mwema na anachoka kazini, ila kabla ya ile jumapili yeye alikuwa anakaa na watoto kama mtu aliyekaa sebuleni na watoto wakawepo. Siku hizi akipokea zamu yake anaikalia kweli, na ameniambia mwenyewe kwamba hakujua inachosha hivi, kukaa tu na kutazama. Nilifurahi kusikia ile kauli kuliko zawadi.

Na wenye magari, hili hili linawahusu. Mara nyingi mtoto anayesahauliwa garini anasahauliwa siku ambayo ratiba imebadilika, aliyempeleka sio yule wa kila siku, mtoto kalala kiti cha nyuma, akili ya mzazi inaenda kazini kama kawaida. Gari lililofungwa juani linapanda joto karibu nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu, kushusha kioo kidogo hakusaidii cha maana, na mwili wa mtoto mdogo unapata joto haraka kuliko wetu. Pokezaneni kwa maneno hapo pia, nimemshusha, nimemfikisha, yupo na fulani. Meseji moja tu.

Ombi langu kwa gazeti lako mhariri. Kila likizo mnatuandikia sehemu za kutembeza watoto, nguo za msimu, michezo, na mi nazisoma zote nazipenda. Mtutengee na kakona kadogo kila wiki mpaka shule zifunguliwe, katukumbushe kumwaga ndoo, kumtaja mtu kwa jina, kaweke na namba ya dharura, tukakate tukabandike jikoni. Kuna mama sasa hivi ana wageni uani na anataka kuingia ndani kuchukua taulo.

Barua hii nimeiandika kwa siku mbili, zamu ya baba yao, kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja. Nasikia anakuja nae mlangoni, ananiita jina langu, naenda kumpokea.

Msomaji wenu,
Mama wa watoto watatu